Kipa wa U13 kapimwa kwa fomu ya washambuliaji, nani ana fomu ya makipa?

Mama Kipa, Hamilton

Wana Kusini, salamu. Naomba msaada wenu kabla ya Ijumaa.

Mwanangu ana miaka 12, anadaka hoki ya barafuni. Wiki iliyopita alimaliza majaribio ya U13, akaachwa timu ya AA, akaachwa ya A inayofuata chini yake, kapelekwa ligi ya mtaa. Kuachwa nakubali, kila mwaka watoto wanaachwa. Kinachoniuma ni karatasi. Nilimwandikia mratibu wa chama chetu kuomba alama zake, akajibu wazazi hawapewi. Kesho yake ikaja barua pepe nyingine, fomu ya mtoto imeambatishwa. Kuteleza 3, kumiliki paki (kile kidude kinachopigwa badala ya mpira) 2, kupasi 2, kupiga 1. Kipa anapimwa kupiga! Hakuna mstari hata mmoja wa kuziba pembe, wa kushuka na kuinuka, wala wa paki anayoitema inaangukia wapi. Nilipouliza nikaambiwa muda wa rufaa umepita.

HCR, usajili wa Hockey Canada, niko sawa, RIS, kozi ya wazazi ya Respect in Sport, nimemaliza, Rowan's Law, ile sheria ya mtikisiko wa ubongo, nimesaini, ada nimelipa yote. Nani ana fomu ya kupimia makipa peke yao? Na rufaa inakwenda kwa nani, ikiwa anayeipokea ndiye huyo huyo mratibu?

Baba Wawili, Edmonton

Pole sana dada. Ila Rowan's Law ni ya Ontario, wa huku Alberta wasianze kuitafuta.

Binti yangu yalimkuta hayo hayo mwaka juzi. Nilisimama nyuma ya kioo na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nusu saa nzima timu yake ilishambulia tu, yeye akapigiwa mashuti manne, mawili ya mbali. Kipa wa upande wa pili alipigwa kama ngoma, akafungwa matano, akachukuliwa yeye. Nililalamika. Wakaniambia wamemwona akifanya kazi, wa kwangu hawakumwona.

Mwana Mikindani, Ottawa

Baba Wawili, dada ameuliza fomu. Mimi pia sina ya chama changu, lakini huu ni mwaka wa sita nafundisha makipa wadogo, nitasema ninachokitazama.

Mabao ni ya mwisho kabisa. Naanza na miguu kabla paki haijapigwa. Paki ikitoka upande mmoja kwenda mwingine, je, mtoto anafika na kusimama kabla ya shuti, au anapigiwa akiwa bado anateleza? Aliyefika akatulia, hata akifungwa, huyo ni kipa. Pili ni macho: kichwa kinaifuata paki mpaka inagusa padi, vile vikinga vya miguuni, au anafumba? Tatu ni kutema. Akiipangulia pembeni ni sawa, akiitema katikati mbele ya mshambuliaji ni bao la pili.

Halafu kuna kipepeo, kule kupiga magoti padi zikifunguka huku na huku. Watoto wamekariri kushuka, wanashuka hata kabla ya shuti. Lango la U13 ni la watu wazima, upana futi 6 na kimo futi 4. Mtoto mfupi akishapiga magoti, pembe za juu zote ziko wazi. Mabao hayo ni ya kimo chake, na kimo kitaongezeka. Mpimaji anayemkata alama kwa hilo anampima umri.

Mzee wa Ligula, Mtwara

Wanangu, hamjambo. Nilidaka mpira wa miguu miaka tisa, uwanja wa Nangwanda Sijaona naujua kila kona. Binti yangu, kipa hapimwi kwa karatasi. Kipa ni moyo. Mtoeni nje ya lango amwendee mpigaji, lango litakuwa dogo lenyewe. Sisi tulifundishwa mchangani Shangani, maji yakitoka, na hakuna aliyetupa alama.

Mwana Mikindani, Ottawa

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, barafu si mchanga. Akitoka mbele lazima ajue kurudi kinyumenyume kwa kasi ile ile, la sivyo pasi moja ya pembeni inamwacha njiani na lango tupu. Na kile kidude ni mpira mgumu wa karibu gramu 170. Moyo anao, asingevaa zile padi.

Mzee wa Ligula, Mtwara

Marahaba. Kurudi pia tulirudi.

Baba wa Newala, Brampton

Mnasahau Dominik Hasek, kipa wa Kicheki. Mwaka 1983, timu za NHL, ligi kuu ya huku, zilipochagua vijana wapya, alichaguliwa wa 199, na alikuwa anajitupa chini kwa namna ambayo fomu yoyote ingempa sifuri. Olimpiki ya Nagano 1998 aliwazuia Wakanada wote watano kwenye matuta, Wacheki wakaondoka na dhahabu.

Na tuseme kijana wa dada anafika huko. Ikiwa ana uraia wa nchi zote mbili, akitimiza 18 sheria ya nyumbani Tanzania inamtaka achague mmoja. Hiyo ndiyo rufaa ya kupeleka. Kwenye korosho nyumbani hawatusahau: mimi ndiye natuma hela ya salfa, dawa ya mikorosho, baba anapulizia, mnada ukishafanyika tunasubiri malipo na makato juu yake. Uraia wa mjukuu wake ndio hauna nafasi.

Mwana Mikindani, Ottawa

Hasek ni mmoja. Usimpe mtoto wa miaka 12 mfano wa Hasek.

Mama Kipa, Hamilton

Ahsanteni. Shikamoo mzee. Maneno ya Mwana Mikindani nimemsomea mwanangu. Alinyamaza, kisha akavaa soksi, akaenda jikoni, sasa anateleza toka friji hadi mlangoni, anasimama, ananiuliza, "Nimetulia, mama?" Saa nzima.

Lakini Ijumaa bado inakuja. Fomu, jamani?

Dada wa Nachingwea, Winnipeg

Nimechelewa kusoma. Fomu sina, wangu anacheza mpira wa kikapu. Niko nyumbani mpaka Desemba 3, narudi kupitia Toronto. Mama amechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, leo na nimelia mezani kama mtoto. Haisafiri, ingekuwa inasafiri ningejaza begi. Korosho nabeba, za kubanguliwa kwa mkono. Mama Kipa, kilo mbili ni za kijana wako. Nani mwingine anataka?