PGK1: PCR inaonyesha kromosomu X na 6, ipi ni kweli?

Swali
Wakuu, natafuta jeni ya PGK1 iko kromosomu gani, kwa PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwenye paneli ya seli mseto za binadamu na panya, yaani seli za panya zilizobeba kromosomu chache za binadamu. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) zimetoka kwenye cDNA (DNA iliyonakiliwa toka RNA): moja eksoni (sehemu ya jeni inayobaki kwenye RNA) ya 3, nyingine ya 6. DNA ya binadamu inatoa bendi yenye urefu uleule wa cDNA. Kwenye paneli bendi hiyo inatokea kwa seli zenye X na zenye 6. Panya peke yake, hamna kitu. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Urefu wa bendi umeshakujibu. PGK1 ina eksoni 11 ndani ya kilobesi (besi elfu) kama 23. Kutoka eksoni ya 3 hadi ya 6 unavuka introni (sehemu zinazokatwa toka RNA) tatu. Bendi inayolingana na cDNA imetoka pasipo na introni. Ya kromosomu 6 ni PGK2, jeni ya korodani iliyotokana na RNA ya PGK1 kugeuzwa DNA na kupachikwa huko. PCR hupenda kipande kifupi, basi jeni halisi inamezwa.

Jibu 2
Na hiyo ya X usiishangilie bado: X ina jeni bandia (nakala isiyofanya kazi) ya PGK1, nayo haina introni.

Weka praima zote mbili ndani ya introni, moja kila upande wa eksoni moja, besi 50 hivi nje yake. Mipaka utaipata ukilinganisha cDNA na jenomu: introni huanza GT, huisha AG. Herufi zikijirudia mpakani, ulinganishaji huteleza herufi moja mbili. Usogeze mpaka huo hadi GT na AG zikae. Angalia pia praima isiangukie Alu (mfuatano uliojirudia kote kwenye jenomu ya binadamu), la sivyo utapata moshi mtupu kwenye jeli.

Mwuliza
Asante. Kuthibitisha kwa FISH (kuonyesha jeni kwenye kromosomu kwa probu, yaani kipande cha DNA king'aacho), probu ya cDNA ya kilobesi 1.8 inatosha?

Jibu 1
Ndogo mno, na itashika PGK2 vilevile. Tumia BAC (kipande kikubwa cha DNA kilichokuzwa ndani ya bakteria) yenye jeni nzima, pamoja na Cot-1 ya binadamu (DNA yenye mifuatano iliyojirudia) ya kuziba marudio. Slaidi, kufungua DNA: formamaidi 70% katika 2×SSC (myeyusho wa chumvi), nyuzi 73, dakika 2 hadi 5. Ukizidisha, kromosomu huvimba na mistari hupotea. Kisha acha probu ishike kwa nyuzi 37 usiku kucha. Hesabu nukta zilizo kwenye kromatidi zote mbili tu. Seli ya mwanamume itoe X moja yenye nukta.

Jibu 2
Machapisho ya zamani yanasema Xq13 (q ni mkono mrefu wa kromosomu), hifadhidata za sasa Xq21.1. Jeni ni ileile.