Tanki la futi mbili, samaki 18, wanakufa mmoja mmoja. Nakosea wapi?

mama_zai

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana nimechoka kutoa samaki waliokufa asubuhi kabla mtoto hajaamka. Iko hivi, mwezi uliopita nilimnunulia mwanangu tanki la kioo la futi mbili lina filta ya kuning'inia ndani na taa, nikaenda dukani nikamwambia muuzaji nataka wa rangi rangi, basi akanichanganyia goldifishi 3, gapi 8, wale wa njano wa Ziwa Nyasa 4, oska 2 wadogo kama kidole, na pleko mmoja yule mweusi wa kunyonya vioo akasema huyo ndo msafishaji sitahangaika kuosha. Jumla 18. Siku ile ile nikajaza maji ya bomba nikawatumbukiza.

Mpaka leo gapi 5 hawapo, wawili niliwakuta wamenyofolewa mikia na watatu sijaona hata mwili. Goldifishi mmoja kafa juzi. Mmoja wa njano anakimbiza kila mtu. Jioni wanapanda wote juu wanahema mdomo nje. Na usafi nafanya jamani, kila Jumamosi namwaga maji yote, naosha mawe na ile sponji ya filta kwa sabuni mpaka inang'aa. Niko Tabata, joto mnalijua. Jirani anasema niongeze moli weusi wapendezeshe. Niongeze au?

kokoto_na_maji

Usiongeze hata konokono dada. Pole kwanza, wengi tumeanzia hapo hapo, mimi mwaka wangu wa kwanza niliua samaki mpaka mke wangu akawa ananiita mochwari.

Chukua futikamba upime tanki kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 1000 unapata lita. Futi mbili za kawaida ni 60 kwa 30 kwa 30, hiyo ni lita 54 likijaa mpaka ukingoni, na hakuna anayejaza mpaka ukingoni. Ukiacha sentimita 5 juu umeshapoteza lita 9, mawe na kokoto nayo yanakula nafasi, kwa hiyo wewe una lita 40 na kidogo. Ndoo mbili kubwa tu. Sasa angalia ulichoweka humo: oska anakua mpaka sentimita 30, goldifishi wa kawaida akitunzwa anafika huko huko, pleko wa kawaida ndo usiseme, anaweza kupita 40. Yaani tanki lenyewe lina sentimita 30 kwenda nyuma, oska mkubwa hataweza hata kugeuka. Dukani wanauzwa watoto, wewe ukaona kidole ukadhani ni saizi yake.

Kuna ile hesabu watu wanaipenda ya inchi moja ya samaki kwa galoni moja ya maji, galoni ni kama lita 3.8. Kwa samaki wadogo kama gapi na tetra inasaidia kidogo, kwa hao wengine inadanganya, maana samaki akiongezeka urefu mara mbili anaongezeka na upana na unene, mwili unakuwa kama mara nane. Oska mmoja wa inchi 12 sio sawa na tetra 12 wa inchi moja, anakula kama mgambo na anachafua kama anavyokula.

Sasa hilo la sabuni. Sabuni hapana kabisa, wala kuosha mpaka ing'ae. Samaki anatoa amonia kupitia mavi na kwenye matamvua yake, na amonia ni sumu. Kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa kwenye sponji na kokoto, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linageuza naitraiti kuwa naitreti ambayo ina nafuu, hiyo ndo unaipunguza kwa kubadili maji. Bakteria hao kujijenga wanachukua wiki 4 mpaka 6 na wewe kila Jumamosi unawaua unaanza upya. Kwa hiyo tanki lako linang'aa na lina sumu. Sponji ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa humo humo kwenye tanki, basi. Maji badili robo kwa wiki, na ya bomba yaache ndoo wazi siku nzima klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Na kuhema jioni ni joto plus msongamano. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, yakiwa nyuzi 20 lita moja inabeba kama miligramu 9 za oksijeni, yakifika 30 inashuka mpaka saba na nusu hivi. Afu joto hilo hilo linafanya samaki ahitaji hewa zaidi na amonia izidi ukali. Ndo maana mimi nikisoma hesabu za Wazungu za samaki wangapi kwa lita, kwa hapa Dar napunguza.

wa_kasarani

Kuongezea hapo kwa goldifishi. Mimi niko Nairobi na huku goldifishi anaishi poa bila hita, baridi ya Julai maji ya sitting room yanashuka hadi 17 na yeye wala hajali, anapenda hiyo 18 mpaka 22. Lakini gapi wangu bila hita wanajikunja tu chini hawali. Sasa wewe Dar ni kinyume, gapi wako nyumbani na goldifishi anapikwa polepole. Hao wawili hata kama hawapigani si wa tanki moja bana. Watu hufikiria kupatana ni kutokulana tu, kumbe ni maji pia.

nyasa_kwetu

Mama Zai shikamoo kama umenizidi, mimi nitaongelea hao wa njano tu kwa sababu nimekulia Mbamba Bay, huku kando ya Ziwa Nyasa, na jamii yao tumeogelea nayo. Tunawaita mbuna, wakaao kwenye mawe. Ukizamisha uso pale kwenye mawe unaona kila dume ana jiwe lake, akija mwenzie anamfukuza hatua chache, yule anahamia jiwe la pili, yameisha. Hakuna anayekufa. Kwenye tanki lako yule anayekimbizwa anafika kwenye kioo, anarudi, anakimbizwa tena, mpaka usiku. Ugomvi ni ule ule wa ziwani, tofauti hana pa kukimbilia.

Hao wa njano kwa kweli ndo wapole kati ya mbuna, kuna wale wadogo wa mistari ya bluu na nyeusi, demasoni, wanatoka upande wetu huku wa Tanzania, wale ni moto, ukiweka wawili utabaki na mmoja. Lakini hata mpole anataka tanki la futi nne, lita 200 kwenda juu, mawe mengi yenye mapango, na dume moja majike matatu au zaidi. Na maji yao ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH (kipimo cha asidi) ni 8 hivi, wakati oska wa Amazoni amezoea maji laini. Chakula pia, mbuna wengi wanakwangua ule ukijani wa kwenye mawe, ukiwalisha minyoo na nyama kama oska tumbo linavimba wanakufa.

siklidi_damu

Mnamtisha dada wa watu. Mbuna wanawekwa WENGI makusudi, hiyo ni kanuni inajulikana, ukijaza wengi dume mkorofi anashindwa achague nani wa kumpiga, fujo inagawanyika. Mimi ninao 22 wanaishi mwaka wa tatu huu. Aongeze mbuna atoe gapi.

kokoto_na_maji

@siklidi_damu uko sahihi nusu. Sema na tanki lako lina lita ngapi.

siklidi_damu

Lita 400, filta mbili za nje.

kokoto_na_maji

Haya basi. Wewe una maji mara kumi ya yake na filta zako moja tu inaizidi yake mara kadhaa. Huo ujanja wa kujaza unafanya kazi kama filta inabeba uchafu wa kundi lote na unabadili maji mengi bila kukosa wiki. Umeme ukikata masaa sita kwako ukasahau pampu ya betri tutakusikia humu unalia. Lita 40 ukijaza mbuna hawagawani kipigo, wanagawana sumu.

wa_kasarani

😂😂 wanagawana sumu

siklidi_damu

Sawa mzee nimekuelewa, kwa futi mbili nafuta kauli. Ila msimwambie mbuna hawajazwi.

mama_zai

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. @nyasa_kwetu marahaba mwanangu. Nimepima, ni 60 kwa 30 kwa 32, ila kuna mawe mengi hayo ya duka. Sasa swali, nikiwarudisha hao wakubwa nibaki na nini? Mtoto anataka rangi. Na pleko nimrudishe wakati ndo msafishaji?

kokoto_na_maji

Pleko mrudishe ndiyo. Anakwangua ule ukijani wa kwenye kioo akiwa mdogo, akikua uvivu unaingia anataka chakula chako, na mavi yake utayaona yamelala kama tambi. Hamna samaki anayesafisha tanki mama, ni wewe na ndoo yako.

Kwa rangi, tanki kama hilo na joto la Tabata, mimi ningebaki na gapi madume matupu, nane hivi, ndo wenye mikia ya rangi na hawazaani. Ukichanganya jike jiandae, anazaa kila wiki nne hivi, vifaranga 20, 30, hata zaidi, na akishapandwa mara moja anatunza mbegu miezi, utamtenga peke yake bado anazaa. Msongamano wa pili unaanzia hapo na hukununua hata mmoja. Ukitaka kitu cha chini ongeza korido wadogo wachache, wanatembea kikundi kwenye mchanga, ila kokoto zenye ncha zinawakata ndevu, na wawe wale wanaovumilia joto, muulize muuzaji kabla. Beta dume, yule samaki mpiganaji, usimchanganye na gapi, anaona ule mkia mrefu anadhani ni mpinzani.

Kama moyo wako uko kwa hao wa njano, sawa kabisa, lakini anza kudunduliza tanki la futi nne kwanza. Na popote utakapowapeleka usimwage yeyote mtoni wala kwenye mtaro wa maji.

nyasa_kwetu

Na vyovyote utakavyochagua ingiza wachache kwanza, watatu, subiri wiki mbili tatu, afu wengine. Bakteria wanaongezeka kufuata uchafu, ukileta wote siku moja wanazidiwa.

bwana_ziwa

Samahani kuingilia, mimi niko Mwanza, naweza kuweka vifaranga vya sato kwenye tanki la futi tatu vipendeze sebuleni?

kokoto_na_maji

Unaweza. Baada ya miezi michache utaweza pia kuwakaanga.

mama_zai

Mrejesho. Muuzaji amekubali kuchukua oska, pleko na wa njano wote, hela hakunirudishia, kanipa sponji ya pili na chupa ya kuondoa klorini. Goldifishi wawili kawachukua dada yangu wa Lushoto, kule baridi na ana simtanki nyuma ya nyumba. Nimebaki na gapi watatu na sasa siku ya nane hajafa mtu, jioni hawapandi juu tena, na sponji sijaigusa. Ila leo asubuhi Zai kaniita anasema kuna vitu vyenye macho kwenye majani, nimehesabu 17. Kumbe mmoja kati ya wale watatu ni jike.

siklidi_damu

Mama Zai karibu kwenye ufugaji 😂