Mshubiri kwa ukurutu wa mtoto: mnautumiaje?

MamaB_Kayole
Hamjambo wote. Kijana wangu wa miaka minne ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Baridi hii ya Julai imemzidishia. Usiku hujikuna hadi damu. Krimu ya hospitali ilimsaidia, ila ikiisha tu, mambo ni yale yale. Nina mshubiri kwenye debe hapa nje. Jana nilijipaka mwenyewe kwanza, mkono ukaniwasha. Mnautumiaje?

BintiKisauni
Pole sana, mamaa. Kilichokuwasha ni ule utomvu wa njano ulio chini tu ya ganda. Ndio huo mchungu ambao kwetu Pwani hupakwa kwenye chuchu mtoto akiachishwa ziwa. Ngozi ya ukurutu haiutaki kabisa! Kinachotuliza ni ute wa katikati, ule mwangavu. Chagua jani nono la chini, ulikate karibu na shina, ulisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa ukiangalia chini. Liache hadi njano iache kuchuruzika. Menya, kisha osha ute kwa maji safi hadi usione tena rangi. Mpake kidogo mkononi pasipo na ukurutu, usubiri hadi kesho yake uone kama utamwasha. Palipochubuka usipaguse.

Na akitoka kuoga, kabla maji hayajakauka mwilini, mpake mafuta mazito. Mimi hutumia ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda. Hayo ndiyo ningeyategemea zaidi kuliko mshubiri wenyewe.

Ole_Rongai
Huku Kajiado mishubiri imejaa porini. Nikuletee, dada?

BintiKisauni
Hapana, kaka. Ya porini inalindwa, na si aina moja na huu wa debe. Iache.

Jirani_Umoja
Mwarobaini je? Sisi tulikuwa tukiogeshwa maji ya majani yake.

BintiKisauni
Majani ya kuogea sina neno nayo, ila nayo mjaribishe kidogo kwanza. Mafuta ya mwarobaini yawekwe mbali na watoto, maana mtoto akiyameza yanaweza kumdhuru vibaya. Na zile krimu za "miti shamba" zisizo na lebo msinunue. Baadhi huwa zimetiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kisirisiri.

Mamaa, hapo anapojikuna pana usaha au magaga ya njano?

MamaB_Kayole
Goti la kushoto lina magaga, na linatoa majimaji.

BintiKisauni
Basi hapo pameingia vijidudu. Usipake jani lolote. Kesho asubuhi mpeleke kliniki, na uwaulize pia hiyo krimu itumiwe vipi ukurutu ukirudi. Kucha mkate leo.