Hivi New Zealand nayo ilikuwa mkoloni?

Mzee wa Ramani
Wakuu naombeni shule kidogo. Mjerumani aliponyang'anywa Tanganyika akaja Mwingereza, hiyo tunaijua toka darasani. Ila naona Samoa ya Magharibi huko Pasifiki, nayo ilikuwa ya Mjerumani, ikaangukia kwa New Zealand. New Zealand hii hii ya kondoo na raga? Si nayo ilikuwa chini ya Mwingereza? Koloni linapewaje koloni 😂

Kasa Mkongwe
Hakupewa bure mkuu, alishaanza kumezea mate visiwa zamani. Waziri mkuu wao Seddon 1900 alizunguka Pasifiki kwa meli anajifanya anapunga upepo, 1901 visiwa vya Cook na Niue vikaingizwa kwake. Fiji na Samoa alizitaka pia ila London 1899 ilishakubali Samoa igawanywe, magharibi Mjerumani mashariki Mmarekani, jamaa akanuna. Vita ilipoanza 1914 ndo ikawa nafasi yao, tarehe 29 Agosti wanajeshi kama 1,400 wakashuka Apia na hakuna aliyewapinga. Nchi yenyewe ilikuwa na watu milioni moja na kidogo! Baadae Shirikisho la Mataifa likahalalisha, Tanganyika ikawekwa daraja B, Samoa daraja C, yani unaitawala kwa sheria zako kama kipande cha nchi yako.

binti_bandarini
Mmeruka habari yenyewe. Novemba 1918 meli ya Talune iliyotoka Auckland ina wagonjwa wa mafua yale ya dunia nzima ilifika Apia ikaruhusiwa kushusha abiria, hakuna karantini hakuna nini. Ndani ya wiki chache watu kama 8,500 wamekufa, zaidi ya mmoja kati ya kila watano, wazee na machifu wameisha, watu wanazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Sasa kinachouma ni kwamba Samoa ya Mmarekani, hapo jirani tu, gavana Poyer alifunga bandari na hakufa hata mtu mmoja, akajitolea kutuma msaada wa madaktari na huyu mtawala aliyewekwa na New Zealand huko Samoa, kanali Logan, akaupotezea. Mimi hapo siiti bahati mbaya.

Mzee wa Ramani
Duh. Na wasamoa wakakaa kimya?

Kasa Mkongwe
Wapi! Likaanzishwa vuguvugu linaitwa Mau (sio Mau Mau ya Kenya, hiyo ilikuja miaka mingi baadae), kauli yao Samoa mo Samoa, yani Samoa ya wasamoa. Walikuwa wanagomea kodi na kususia mambo ya serikali, bila silaha. Serikali ikajibu kwa kuwavua machifu vyeo na kuwahamisha vijijini kwao, mfanyabiashara Olaf Nelson akafukuzwa nchini kabisa. Halafu tarehe 28 Desemba 1929 wakiwa kwenye maandamano Apia polisi wakafyatua risasi, kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi akapigwa akiwa anawatuliza watu wake, akafa na wengine kadhaa.

Mtu wa Bara
Mnamwonea sasa. Serikali ya chama cha Labour ilipoingia New Zealand 1935 ililegeza, Nelson akarudi, 1962 Samoa ikapata uhuru wa kwanza kwa visiwa vya Pasifiki, na 2002 waziri mkuu Helen Clark alienda Apia kuomba radhi. Nani mwingine kafanya hivyo?

binti_bandarini
Radhi sawa, ila 1982 mahakama ya juu kule London ilisema wasamoa waliozaliwa kati ya 1924 na 1948 ni raia wa New Zealand, bunge la New Zealand likapitisha sheria mwaka huo huo kuufuta huo uraia. Wamekuja kufunguliwa mlango 2024, hesabu mwenyewe walikuwa wamebaki wangapi na umri gani.

Mtu wa Bara
Hilo sina la kutetea. Ila Tokelau, visiwa vingine vidogo vilivyo chini ya New Zealand, walipiga kura ya kujitawala 2006 na 2007, zote hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa, wamebaki na New Zealand mpaka leo kwa kura zao wenyewe.