Kuhamishia maegesho chini ya ardhi Dar, juu iwe bustani: tuanzie wapi?

Mpangamji:
Wakuu, kuna kiwanja cha mita za mraba 4,000 eneo la Posta, leo ni maegesho ya wazi. Wazo ni kuchimba ghorofa mbili za magari na juu iwe bustani ya umma yenye miti ya kivuli. Maji yanaonekana mita 3 tu kwenda chini. Nini hukwamisha kazi kama hii?

ZegeNzito:
Maji, mkuu. Ukishuka mita 8, sakafu iko mita 5 ndani ya maji, na kila mita ya mraba inasukumwa juu kwa tani 5. Hatari kubwa ni mkandarasi kuzima mapema pampu zinazonyonya maji wakati wa ujenzi, slabu za juu na udongo wa bustani havijawekwa: jengo zima linaelea, viungo vinapasuka. Pampu zizimwe uzito ukishazidi msukumo kwa asilimia 10 au zaidi. Uzito usipotosha, sakafu ishikwe chini kwa paili, yaani nguzo ndefu zilizozamishwa ardhini.

Usinyonye maji bila kuzungushia kwanza ukuta wa paili zilizopandana, la sivyo majengo ya jirani yatatitia. Na chumvi ya pwani inakula nondo: tumia saruji ya pozolana (iliyochanganywa na majivu ya volkano au yanayofanana nayo), nondo zifunikwe na zege milimita 50 au zaidi upande wa udongo.

Gari moja huchukua mita za mraba 30 pamoja na njia. Tegemea magari 260 hivi.

Kivuli_Mjini:
Nyasi zinataka udongo wa sentimita 30, vichaka 60, mti wa kivuli mita 1 hadi 1.5. Udongo wa mita 1.2 ukilowa unakaribia tani 2.3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo uamuliwe kabla nguzo hazijachorwa. Miti mikubwa ikae juu ya nguzo.

Membreni (utando wa kuzuia maji juu ya slabu) ikishalazwa, jaza maji sentimita 5 kwa saa 48, ndipo uweke zuio la mizizi, kokoto, kitambaa cha kuchuja, udongo. Uvujaji ukigundulika baadaye, unafukua bustani.

Tazameni Post Office Square, Boston: gereji ya zege ya 1954 ilibomolewa, zikachimbwa ghorofa 7 za magari takriban 1,400, bustani ikafunguliwa 1992. Ada za maegesho ndizo zinazoitunza, na hilo nalipenda kuliko yote.

Mpangamji:
Na masika, barabara ikifurika?

ZegeNzito:
Njia ya kushukia ipande kwanza sentimita 30 juu ya barabara, ndipo iteremke, na mfereji wenye wavu uikate chini. Weka pampu mbili, kila moja iweze kazi yote peke yake, zote kwenye jenereta iliyo juu ya ardhi. Matundu ya hewa yapite kiwango cha mafuriko, yakae mbali na mabenchi.