Nilinyimwa kibali cha vyumba vitatu vya uani, jirani kapewa ghorofa nne. Hii ramani ya mipango miji inasomwaje?

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa migogoro ya viwanja. Hapa hakuna aliyevamia cha mwenzake, kila mtu ana hati yake. Ugomvi wangu ni na wanaogonga mihuri.

Nipo mji mdogo mmoja wa barabara kuu, sitautaja maana huku tunajuana hadi mbuzi wa kila nyumba. Nilipohamia palikuwa na stendi, soko na vumbi. Kikaja chuo, zikaja ofisi, siku hizi chumba na sebule unadaiwa kodi ya miezi sita kabla hata hujaonyeshwa choo. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Hawa walioongezeka hawalali hewani, na si wote wamekimbilia Dar. Kwa hiyo asije mtu kuniambia napinga maendeleo. Ghorofa za kupangisha tunazihitaji. Nilipanga Manzese miaka kumi na moja, chumba kimoja, choo cha foleni, najua shida ya nyumba ikoje. Na wale majirani zangu wanaolia kwamba "tutaletewa wapangaji wahuni" sipo nao, wajue hivyo.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2019 nilitaka kujenga vyumba vitatu uani, kila kimoja na choo chake ndani, nipangishe walimu na manesi. Kiwanja ni mita 30 kwa 40, nafasi ipo. Nikachorewa ramani, nikalipia, nikapeleka. Ofisa akatandaza mchoro wa mipango miji mezani, akaweka ncha ya kalamu juu ya kiwanja changu: "Mzee, hapa ni ujazo mdogo. Kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Soma hati yako." Nikarudi nyumbani nikaitoa kabatini nikaisoma mstari kwa mstari. Kweli, makazi, Kundi A, na lile sharti la kumaliza kujenga ndani ya miezi 36 lililonifanya niuze pikipiki ninunue mabati. Nikasema sawa, sheria ni sheria. Tofali nilizokwisha kufyatua ziko pale pale hadi leo, kuku wanatagia humo.

2023 jirani wa ukuta akauza. Miezi mitatu baadaye likasimama bango la mradi: jina la mkandarasi, namba ya kibali, jengo la makazi, ghorofa nne, familia 16. Ofisi ile ile iliyonifukuza mimi, mchoro ule ule.

Nikamfuata ofisa. Ananijibu kwa upole kabisa: "Yule alibadilisha matumizi ya kiwanja, mzee. Tangazo lilitoka." Lilitoka wapi? Gazetini. Gazeti huku linafika na basi la mchana, nakala nne tano, zote zinaishia maofisini. Lingine lilibandikwa eneo la mradi, na kweli nililiona baadaye, limegundishwa kwenye uzio wa mabati kwa upande wa NDANI. Na muhtasari wa kikao cha mtaa wa kuridhia upo pia, una mahudhurio na sahihi. Tarehe iliyoandikwa humo, saa iliyoandikwa humo, mtaa mzima tulikuwa makaburini tunamzika mzee wa nyumba ya tatu, na aliyesoma wasifu wa marehemu ni mwenyekiti huyo huyo aliyeongoza hicho kikao. Sijui alijigawa vipi.

Tuje kwenye shimo. Mji wetu hauna mfumo wa majitaka, kila mtu na shimo lake. Familia 16, weka watu wanne kila moja, ni watu 64 wanaoenda chooni kwenye kiwanja kilichopimiwa familia moja. Shimo lao limechimbwa hatua tatu kutoka ukuta wangu, na kisima changu kipo upande huu wa ukuta. Kisima hicho ndicho tunachokunywa bomba likikata, na bomba linakata kila siku ambayo Mungu ameiumba. Masika ya mwaka huu shimo lilijaa wiki ya pili ya mvua. Gari la kunyonya lilishindwa kukata kona kwa mangi kwa sababu barabara yetu ni ya udongo na haina mtaro, likageuza likaondoka. Usiku vijana wa jengo wakafungulia mfuniko. Asubuhi binti yangu anaenda shule kashika viatu mkononi, anaruka tofali kwa tofali. Nikaenda kulalamika, nikaambiwa niandike barua kitengo cha mazingira. Nimeandika. Mbili.

Balkoni za nyuma kuchungulia uani kwetu nimeziacha, tumenunua turubai.

Hakuna geni hapa. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, viwanja vya watu wa kawaida kujenga nyumba zao za kuishi. Pitia leo uhesabu baa, gesti na ghorofa, halafu mvua inyeshe. Mtu mmoja kabadilisha, wa pili kaiga, mitaro ikabaki ya zamani. Na huo usimamizi wa ujenzi tunaoambiwa upo, tukumbuke jengo la ghorofa 16 lililoanguka pale Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, watu 36 walikufa. Kariakoo likaanguka jingine tena Novemba 2024. Hiyo ni Dar yenye wahandisi kila kona. Huku kwetu tangu zege la kwanza nimemwona mkaguzi mara moja, hakushuka kwenye gari.

Kama wameamua mtaa wetu uwe wa maghorofa, sawa. Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007. Watuite, mpango ubadilishwe mtaa mzima, barabara ipanuliwe hata kama itanilia mita mbili, mtaro uchimbwe, ijulikane majitaka yanakwenda wapi. Na vyumba vyangu vitatu navyo nipewe. Lakini huu mtindo wa kubadilisha kiwanja kimoja kimoja kwa mwenye uwezo wa kuzunguka ofisi, halafu sisi wengine tunasomewa hati kama watoto wa darasa la kwanza, huo nimeukataa.

Sasa kuna tangazo la pili. Viwanja viwili mbele yangu, matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, ghorofa tano. Safari hii nililiwahi, nikalipiga picha. Siku za pingamizi zilikuwa zinaisha Jumanne. Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa masijala na barua yangu, sahihi za nyumba tisa. Dada akaipokea, akaingia nayo ndani, akakaa, akanirudishia nakala yangu. Nimefika nyumbani navaa miwani, muhuri unasoma Jumatano.

Mwenye uzoefu wa kukata rufaa ya mambo haya, PM iko wazi.