Mama ana demensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) na anayumba: mazoezi gani tufanye nyumbani?

Mlezi_Tanga: Habari zenu wataalamu. Mama ana miaka 78. Anatembea mwenyewe ila hupepesuka akigeuka, na akiinuka kitini hudaka chochote kilicho karibu. Ukimweleza zoezi, kabla hujamaliza keshasahau mwanzo. Tuanze na lipi, na nimshike vipi?

Fizio_Pwani: Anza na kuinuka na kukaa. Tumia kiti cha mbao chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, kikiegemea ukuta. Cha plastiki huteleza kwenye vigae. Mama asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele ndipo ainuke. Wengi hukwama hapa kwa sababu huinuka huku wameegemea nyuma, miguu yenyewe nguvu inayo. Mara 5, apumzike, mara 5 tena.

Kisha ashike sinki la jikoni kwa mikono miwili, ainue visigino mara 10, halafu atembee kimbavumbavu hatua 5 kwenda na 5 kurudi. Akizoea, mkono mmoja; baadaye vidole tu. Akilalia sinki kwa uzito wote, mikono ndiyo inayofanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki. Kwa mama, kila siku saa ileile ni bora, maana mwili hushika mazoea hata maneno yakipotea.

Muuguzi_wa_Wazee: Naongeza: usieleze, onyesha. Sentensi moja fupi, "Mama, tuinuke," kisha subiri. Sekunde 10 za kimya si nyingi kwake. Zima redio. Kugeuka afanye kwa hatua ndogondogo za duara, asizungushe kiwiliwili nyayo zikiwa zimeganda. Usimvute mkono wala kwapa. Simama ubavuni, nyuma kidogo, ushike kanga iliyokunjwa na kufungwa imara kiunoni mwake. Avae viatu vya kufunika kisigino, kandambili hapana.

Mlezi_Tanga: Asanteni sana. Asubuhi ndiyo huyumba zaidi.

Muuguzi_wa_Wazee: Basi akae ukingoni mwa kitanda dakika 2 kabla ya kusimama, na daktari aangalie upya dawa zake za presha na za usingizi kama anazo. Mazoezi yasogezwe hadi baada ya chai. Na akianza kuyumba ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme ni demensia: apelekwe kituo cha afya apimwe mkojo, sukari na presha.